Mali, Furaha na Macho ya Watu

Kila mwaka, hapa Kibabii, mimi huwapa wanafunzi wangu wa ualimu insha ya kujadili kama mali humletea kijana furaha. Na kila mwaka hupokea jibu moja lililoandikwa kwa hati nyingi. Mali, wasema, haileti furaha. Tajiri hapati usingizi. Maskini hula mboga yake kwa amani. Mwenye magari mengi ana maradhi mengi, na mwenye nyumba kubwa ana upweke mkubwa. Insha hizo husomeka vizuri. Methali zimekaa mahali pake, aya zimefuatana kwa utaratibu, na kwa muda mrefu nimezitunuku alama kumi na sita au kumi na saba katika ishirini. Kisha kengele hulia, na waandishi wa insha hizo hutoka nje wakaenda kusimama chini ya mti, wamemzunguka mwenzao aliyenunua simu mpya.

Sisemi haya ili kuwacheka. Waliandika walichofundishwa kuandika. Walifundishwa na mwalimu wa shule ya msingi, naye alifundishwa na mwingine, na huyo mwingine yamkini alifundishwa na mtu kama mimi. Lakini nakuomba, msomaji, ulitazame jambo hili kwa jicho kali kidogo kuliko tulivyozoea. Neno ambalo kila mtu hulisema na hakuna hata mmoja alitendaye, haliwezi kuitwa hekima. Ni adabu ya mdomo tu. Na kijana akizoezwa tangu utotoni kuandika asiloliamini ili apate alama, hatukumfundisha kuidharau mali. Tumemfundisha kusema uongo kwa lugha nzuri.

Miaka michache iliyopita alikuwapo darasani mwanafunzi mmoja, kijana mwembamba na mkimya, ambaye alikuwa na jozi moja ya viatu kwa kanisa, kwa darasa na kwa shamba. Nilipokusanya insha, yake ilikuwa na mstari mmoja tu. Aliandika: “Mwalimu, sijapata kuwa nayo, nitakapoipata nitakuja kukujibu.” Nilidhani ni ujeuri. Nilichukua kalamu nyekundu nikampa sufuri, na chini yake nikaandika kwamba hakujibu swali. Nimeikumbuka sufuri hiyo mara nyingi tangu siku ile, kwa maana nadhani sasa kwamba katika darasa zima ni yeye peke yake aliyejibu.

Basi nataka kwanza kuitetea mali, kwa sababu imesingiziwa. Marehemu baba yangu alikuwa na baiskeli nyeusi, nzito, ya aina ile ambayo watu wa sehemu zetu waliipa jina la nyoka wakaiita Black Mamba. Baiskeli hiyo ilipeleka mahindi kwenye kinu cha kusaga. Ilipeleka maziwa barabarani kabla ya jua kuchomoza. Usiku mmoja ilimpeleka dada yangu hospitalini, amefungwa kwa leso mgongoni mwa mama, na mama ameketi nyuma ya baba, na baba anakanyaga katika matope bila taa. Nani atanishika mkono aniambie kwamba baiskeli ile haikuleta furaha nyumbani kwetu? Baiskeli za namna hiyo hiyo ndizo walizotumia vijana wa Busia tangu miaka ya 1960 kuwavusha wasafiri katika ile nchi tupu iliyo kati ya lango la Kenya na lango la Uganda, wakiwaita abiria kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka; na neno hilo, likirudiwa mara mbili, limekuwa boda boda, nalo leo linajulikana Afrika Mashariki nzima. Kazi ya maelfu ya vijana ilizaliwa juu ya kitu hicho cha chuma. Anayeidharau mali na aende akawahubirie wao.

Au aende Webuye. Mji ule, ulio mwendo mfupi kutoka kwetu, ulikuwa ukiishi kwa kiwanda cha karatasi kilichoanza kazi katika miaka ya 1970. Kiwanda kiliposimama mwaka 2009, mishahara ilikoma, wapangaji wakahama, maduka yakafungwa, na watoto wa wafanyakazi wakarudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Sikupata kumsikia mtu wa Webuye akisema wakati ule kwamba sasa, maadam fedha zimeondoka, furaha imepata nafasi.

Wataalamu wa nchi za mbali nao walijaribu kutufariji kwa njia yao. Mwaka 2010 wataalamu wawili wakubwa wa Marekani, Daniel Kahneman na Angus Deaton, walitangaza kwamba furaha ya mtu ya kila siku hupanda pamoja na mapato yake mpaka yafike kiasi cha dola 75,000 kwa mwaka, kisha husimama. Habari hiyo ilienea duniani kama moto wa kiangazi. Wahubiri waliipokea kwa shangwe, wala hawakusita kujiuliza dola 75,000 ni kitu gani kwa mkulima wa Bumula. Lakini mwaka 2021 mtaalamu mwingine, Matthew Killingsworth, alipima upya akaona kwamba furaha haisimami hapo. Na mwaka 2023 yeye na Kahneman, badala ya kutukanana kama ilivyo desturi ya wakubwa, waliketi pamoja wakaandika kwamba kwa watu wengi furaha huendelea kupanda, na husimama tu kwa kundi dogo la wale waliokwisha kuwa na huzuni nyingi. Kwa hiyo hata kwao lile jibu la insha zetu halikusimama.

Mtu akikuambia kwamba fedha si kitu, tafadhali mtazame. Aghalabu utamwona amevaa saa. Aghalabu amekuja kwa gari, na gari limeachwa kivulini. Mwenye njaa hasemi maneno hayo; husema mwenye kushiba, naye huwaambia wenye njaa, na mara nyingi huwaambia siku ile wanapoanza kuuliza kwa nini barabara yao haikujengwa. Kutosheka ni jambo jema kwa mtu aliyechagua mwenyewe. Kutosheka unakohubiriwa na aliyechukua fungu lako ni kifungo.

Walakini nisiishie hapo, kwani ningeishia hapo ningekuwa nimekudanganya kwa upande wa pili. Maana wako vijana, nami nawafahamu, ambao wamepata vitu wasivyovipata baba zao katika maisha yao yote, na hawana furaha. Kama mali ni kitu chema, kwa nini imewatenda hivyo?

Sikiliza habari ya Rarieda. Rarieda iko kando ya Ziwa Victoria katika Kaunti ya Siaya. Mtu akiondoka kwetu alfajiri kwa matatu atafika kabla jua halijaelekea magharibi. Kati ya mwaka 2011 na 2013 shirika moja la Kimarekani, GiveDirectly, lilichagua kwa bahati nasibu baadhi ya nyumba za nyasi katika vijiji vya huko, likawapelekea wenyewe fedha kwa njia ya M-Pesa. Hawakupewa masharti. Hapakuwa na hotuba, wala semina, wala fomu ya kueleza watazitumia vipi. Wataalamu Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro walifuata nyuma wakichunguza, na mwaka 2016 walichapisha waliyoyaona. Watu walinunua mifugo. Walinunua mabati wakaezeka. Walikula vizuri zaidi. Matumizi yao ya pombe na tumbaku hayakuongezeka, ingawa wengi walikuwa wamekwisha kuapa kwamba fedha za bure zitaishia kilabuni. Tena, walipoulizwa, walikuwa na furaha zaidi na wasiwasi kidogo kuliko wenzao wasiopewa. Mvua ilikuwa imekoma kuwanyeshea vitandani, ungetazamia nini?

Lakini wataalamu hao waliona jambo jingine, nao wakaliandika mwaka 2015 pamoja na mwenzao James Reisinger. Jirani asiyepewa kitu, ambaye hakupoteza hata senti moja, ambaye paa lake la nyasi lilikuwa vile vile lilivyokuwa mwaka uliotangulia, kuridhika kwake na maisha kulipungua kadiri majirani zake walivyotajirika. Na kupungua kwake huko kulikuwa kukubwa kuliko kule kuzidi kwa aliyepata kiasi kicho hicho. Jambo hilo lilififia kadiri muda ulivyopita, watu wakazoea. Hata hivyo nataka uliweke moyoni. Paa la jirani halikumwagia mtu maji. Lilimwaka machoni tu.

Katika kila kitu unachokitamani, basi, kuna vitu viwili vilivyofungwa pamoja. Kipo kitu chenyewe na kazi yake: bati huzuia mvua, kiatu huzuia mwiba, simu hupeleka habari. Na ipo heshima iliyobandikwa juu yake, ambayo haimo ndani ya kitu bali imo katika macho ya wanaokutazama. La kwanza lina kikomo. Nyumba ikiisha kuezekwa imeezekwa. Huwezi kuiezeka mara ya pili ili usinyeshewe zaidi. La pili halina kikomo, kwa kuwa macho hayashibi, na siku jirani atakapopaka mabati yake rangi nyekundu, yako meupe yataanza kuonekana kama nyasi. Mfanyabiashara anajua jambo hili kuliko mwalimu yeyote. Simu ya kubonyeza, ile tunayoitania mulika mwizi, hupiga, hupokea, hutuma fedha, tena betri yake hukaa karibu juma zima. Aliyekushawishi uione kuwa aibu mfukoni mwako hakukuuzia simu. Alikuuzia macho ya wenzako, na bidhaa hiyo utainunua tena mwakani.

Nitakuambia jinsi heshima ilivyotolewa zamani hapa kwetu, si kwa sababu zamani ilikuwa pepo, bali kwa sababu mfano huu uko mlangoni petu. Miongoni mwa Wabukusu jando, yaani sikhebo, hufanyika mwezi wa Agosti katika miaka inayogawanyika kwa mbili. Majuzi ilikuwa 2022 na 2024. Kijana huzunguka kwa jamaa zake akipiga chinyimba mikononi kuwaalika. Hufika kwa mjomba wake, ndugu ya mama, akapewa haki yake ya nyama. Na asubuhi ya siku yenyewe, katika baridi, hupelekwa mtoni akapakwa tope mwili mzima, kisha hurudi kwa nyimbo mpaka uani kwa baba yake, akasimama wima mbele ya ukoo wote. Hebu mtazame. Hana kiatu. Hana shati. Hana hata pahali pa kutia mkono, maana hana mfuko. Katika saa hiyo, ambapo hana chochote duniani ila tope la mto, ndipo ukoo wake wote unamtazama na kumpa heshima kubwa kuliko atakayopata tena maishani mwake, na kumwingiza katika rika ambalo ataitwa kwa jina lake mpaka azikwe. Mtoto wa mwenye ng’ombe mia na mtoto wa mchungaji wake walisimama wamepakwa tope la namna moja.

Najua utakalonijibu, hasa ukiwa msichana. Uani pale hapakuwa na nafasi yako, na katika hesabu za wazee heshima yako ilipimwa kwa ng’ombe waliomjia baba yako. Ni kweli, wala sina la kuitetea desturi hiyo mbele yako. Tena jando lenyewe siku hizi limeingiwa na mashindano: nani amechinja dume kubwa, nani ameleta vyombo vya muziki kutoka mjini, mgeni wa nani amekuja kwa magari mangapi. Lakini neno langu ni hili: palikuwa na siku moja ambayo kijana aliheshimiwa bila kununua kitu. Sasa nihesabie wewe, katika mwaka mzima wa shule, siku ambazo kijana huheshimiwa bila kununua kitu.

Hapo ndipo ninapotaka kuwashtaki wazee, na mimi nikiwa mmoja wao, ingawa sijafika miaka arobaini. Kijana hakuuanzisha ugonjwa huu. Nenda kwenye harambee yoyote, ya kanisa au ya matibabu, utazame viti. Viko viti vya plastiki juani, na viko viti vyenye mito chini ya hema. Mama aliyeuza kuku wake akaleta shilingi mia mbili hutajwa jina lake kwa haraka, pamoja na wengine kumi. Mheshimiwa aliyekuja amechelewa na bahasha husimamishiwa ibada ili apigiwe makofi, wala hakuna anayeuliza bahasha imetoka wapi. Mtoto yuko pale. Ameketi chini kwenye nyasi, anatazama, na anajifunza kwa haraka kuliko anavyojifunza hesabu. Jioni baba yake humwambia kwamba mali haileti furaha, ilhali mchana kutwa amemwonyesha kwamba mali ndiyo iletayo kiti.

Na shuleni je? Ile siku ya kutembelewa, msomaji, unaijua vizuri kuliko mimi. Tangu saa tatu wanafunzi hukaa wakitazama lango. Gari likiingia, mwenyewe hukimbia. Mama akija kwa miguu kutoka stendi, amejitwika kikapu kichwani, yuko mtoto ambaye hukawia kidogo kusimama. Anampenda mama yake. Ukimwuliza usiku atalia. Lakini wenzake wanatazama. Nakumbuka kwamba mimi mwenyewe niliwahi kumwongoza mama yangu kwa njia ya nyuma ya maktaba, nikasema ni njia ya mkato. Hakika haikuwa njia ya mkato. Aliifuata bila kuuliza, na mpaka leo hatujapata kuizungumza. Chapati alizoleta zilikuwa tamu, nami nilizila mbio mbio kama mwizi.

Basi usidhani nakuhubiria nikiwa juu ya mlima. Nilipoajiriwa na kupata hati yangu ya kwanza ya mshahara, ile tuiitayo pesilipu, sikumaliza mwezi wa tatu kabla sijaipeleka kwa wakopeshaji. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema kwamba makato ya mshahara wa mtu yasipite theluthi mbili, ili abakiwe na theluthi moja ya kula. Na walimu wengi vijana huisoma sheria hiyo kana kwamba ni amri ya kukopa mpaka theluthi hiyo ifikiwe. Nilinunua makochi na televisheni kubwa, kwa sababu wenzangu niliohitimu nao walikuwa na makochi na televisheni. Deni lilikuwa la miezi arobaini na minane. Televisheni iliharibika mwezi wa kumi na tisa. Miezi ishirini na tisa iliyobaki niliilipia fedha kioo cheusi ukutani, na sikukiondoa, kwa kuwa wageni walikuwa bado hawajajua.

Mimi angalau nilikuwa na mshahara. Kijana wa leo hahitaji mshahara ili aingie deni; anahitaji kidole. M-Pesa ilianza mwaka 2007, na katika kupeleka fedha nyumbani sijaona chombo kilichomfaa maskini wa Kenya kuliko hicho. Mikopo ya simu ikafuata katika muongo uliofuata, kwanza ya benki, kisha ya makampuni madogo madogo yasiyohesabika, na mingi ya mikopo hiyo midogo haikununua mbegu wala mbolea. Sina haja ya kuyataja majina ya wakopeshaji. Lakini kazi yao ilivyofanyika ni jambo la kukumbukwa. Kijana alipokubali masharti, ambayo hakuyasoma, alimpa mkopeshaji ruhusa ya kuona majina yote yaliyomo katika simu yake. Siku ya kulipa ikipita, simu zilianza kulia: kwa shangazi yake, kwa mchungaji wake, kwa mwalimu wake wa zamani, kwa msichana aliyetaka kumposa. Kila mmoja aliambiwa kwamba fulani ni mdaiwa sugu, amwambie alipe. Nami nimewahi kupokea simu ya namna hiyo, katikati ya somo, juu ya mwanafunzi wangu aliyekopa ili anunue viatu vya sherehe. Mwenendo huo ulienea hata Benki Kuu ya Kenya ikapewa mamlaka juu ya wakopeshaji hao, na kanuni zake za mwaka 2022 zikawakataza kuwatisha wadaiwa na kutumia majina ya jamaa zao kuwaaibisha.

Fikiri juu ya biashara ile. Kijana alikopa ili watu fulani wamtazame kwa heshima. Na rehani aliyoiweka, pasipo kujua, ilikuwa watu hao hao na heshima yao.

Utaniuliza, je, nikufanyeje? Nimekataa wanaosema vitu si kitu, nimewakataa wanaosema vitu ni kila kitu, na wewe bado una kaptura iliyochanika na sherehe iko Ijumaa. Kwanza, usitosheke. Dai dawati, maana kuketi watatu kwenye benchi moja hakumjengi mtu tabia, humjengea maumivu ya mgongo. Dai maktaba yenye vitabu badala ya kufuli. Ukirithi kishamba, dai hati yake, wala usikubali kuuza robo eka iliyomlisha babu yako kwa ajili ya pikipiki, kisha ukawa dereva wa pikipiki katika kijiji ambacho kila aliyeuza robo eka ni dereva wa pikipiki. Taka ng’ombe wa maziwa. Taka taa ya jua ya kusomea. Taka viatu vizuri, visivyoingiza maji, na ukivipata vifurahie bila haya, wala usije darasani kwangu kuandika kwamba havikukufurahisha.

Lakini jaribu jambo moja ambalo mimi sikulijaribu kwa wakati wake. Kabla ya kununua, jiulize kama ungekitaka kitu hicho ikiwa unaishi peke yako upande wa pili wa Mlima Elgon, mahali ambapo hakuna anayekujua. Blanketi ungelitaka. Panga ungelitaka. Viatu ungevitaka, ila usingejali mchoro ulio ubavuni. Nimelipeleka swali hili hata sokoni Chwele, nikasimama nalo mbele ya marundo ya mitumba, nami nakiri kwamba si mara zote nilishinda; niko na koti moja nyumbani ambalo haliwezi kujibu swali hilo. Na siku ya kutembelewa itakapofika, mama yeyote akiingia kwa miguu, awe wako au asiwe wako, simama mapema umpokee kikapu mbele ya wote. Hilo halihitaji fedha, nalo litapunguza bei ya magari kwa siku nzima.

Yule kijana wa mstari mmoja alihitimu. Alipata kazi ya mkataba, ya malipo madogo, katika shule ya msingi iliyo mbele ya Kitale kuelekea Cherang’any, mahali ambapo matatu huishia na mtu huendelea kwa miguu. Baada ya miezi minne alinipigia simu usiku. Alisema, “Shikamoo mwalimu, nimekuja kujibu lile swali.” Alikuwa amenunua mabati kumi na mawili kwa ajili ya jiko la mama yake, na mama, alisema, huamka mvua ikinyesha usiku akaenda kuketi humo jikoni bila sababu, akisikiliza tu. Alikuwa amenunua pia viatu vya ngozi, kwa mkopo, kwa sababu walimu wenzake walikuwa na viatu vya ngozi. Njia ya huko ni ya matope, na viatu vimo sandukuni; mkopo bado miezi mitano. Kisha akacheka, akaniuliza kama sasa ile sufuri ingeweza kutazamwa tena. Nilimjibu kwamba alama za mwaka ule zilikwisha kupelekwa ofisini na daftari limefungwa. Nilisema kweli. Akasema si neno, akaniaga kwa sababu salio lake lilikuwa linakwisha.